Mtoto wa Kwenye Simu

Simu ilikuwa inalia saa tisa na dakika kumi kila Jumapili. Ikifika saa tisa kamili mimi nilikuwa nimeshaipangusa kwa kitambaa na kuiweka katikati ya meza, juu ya lile blanketi langu la kupigia pasi, ili ikitetemeka isiteleze ikaanguka. Meza hiyo ndiyo ofisi yangu. Siku sita inabeba mashati ya watu, magauni meupe ya wauguzi wa zahanati na majoho ya kwaya, yale yenye marinda ambayo usipoanzia kwapani huwezi kuyanyoosha. Siku ya saba ilibeba simu peke yake. Pasi ya mkaa niliishusha chini, nyuma ya mlango, nikaifunika kwa sufuria kuukuu, kwa sababu mle ndani kulikuwa na watoto wawili.

Mpigaji alikuwa binti yangu. Kanisa letu lilimtuma umisionari, safari ya siku mbili kwa basi na nusu siku kwa miguu, akahubiri na kuwafundisha akina mama wa huko kusoma na kuandika. Miaka mitatu. Simu ilishika juu ya kilima kimoja tu, na wamisionari wote walikuwa na simu moja ya ofisi, ya vitufe, wanapanda nayo kwa zamu. Kila mtu dakika kumi kwa wiki. Kuonana sura hakuna, na sauti yenyewe ilikuja imekatikakatika kama redio yenye betri zilizochoka.

Alituachia mtoto wake mmoja, wa kike, wa miaka mitatu kasoro mwezi. Baba wa mtoto alijiendea zake tangu mimba ya miezi saba, kwa hiyo huyo tusimtaje tena. Mtoto tulimwita Kobe, wala si kwa ubaya. Ukimjia kwa haraka alikuwa anaingiza shingo mabegani, anabaki humo mpaka uondoke. Kobe alilala na mimi chumba cha mbele, kando ya sebule. Vyumba viwili vya uani alikaa mwanangu wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma, na mkewe na binti yao. Huyo binti yao amemzidi Kobe mwaka mmoja, na tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea.

Siku ya kufunga begi binti yangu alikunja gauni lilelile mara tatu.

"Mama, akinisahau je?"

"Atakusahauje na mimi nipo? Nenda kafanye kazi ya Mungu. Kila Jumapili atasikia sauti yako."

"Akisumbua uniambie. Usinifiche. Wametuambia, mwenye shida ya mtoto anarudishwa, wanatuma mwingine."

"Nimesikia," nikamjibu. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Wiki za kwanza Kobe alikuwa anaishika simu kwa mikono miwili na kuigeuza, anatazama nyuma yake alikojificha mama. Jumapili ya nne aliweka mdomo karibu kabisa, akasema neno moja: "Njoo." Upande wa pili binti yangu alishindwa kujibu, akawa analia tu mpaka dakika zake zikaisha. Wiki ile Kobe alikaa kizingitini kila siku, tangu chai ya asubuhi hadi jua linazama, miguu ameikunja, anatazama njia. Alikuwa ameita, basi alikuwa anangoja. Jumapili iliyofuata simu ilipolia, yeye akaingia chini ya meza.

Sasa lazima nieleze utaratibu wetu wa kanisani, maana bila huo mtu hatanielewa. Kwetu mmisionari hakupiga simu kwao wakamsikiliza ndugu zake tu. Mwenyekiti wa akina mama alikuja kuketi nasi na daftari, anaandika yaliyosemwa, na Jumapili inayofuata anasimama mbele ya watu wote kusoma Habari za Shambani. Shambani, yaani shamba la Bwana. Walikuwa wanasoma waliobatizwa wangapi, nani anaumwa, na mwisho walisoma habari za nyumbani kwa mmisionari, watu wajue kwamba aliyemtumikia Mungu, Mungu naye anamtunzia nyumba yake. Hilo la mwisho ndilo watu walilipenda zaidi.

Na mimi nililipenda. Nisiseme uongo juu ya uongo. Mimi mpiga pasi, niliyezoea kuitwa "wewe mama wa mashati", nilianza kuitwa Mama Mtumishi. Wanawake waliokuwa wananiletea majoho bila salamu sasa walinishika mkono na kuuliza hali. Nikapewa nafasi kwenye benchi la kwanza, karibu na kinanda.

Mwezi wa tatu tangu binti yangu aondoke, siku yenye mvua, mama mwenyekiti akaingia na viatu vyake mkononi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mama mwenyekiti."

"Nimeshakaribia. Leo mtoto ataongea? Maana wiki iliyopita niliandika 'mtoto alikuwa amelala', na wiki ya kabla yake nikaandika 'mtoto alikuwa amelala'. Watu watadhani Mtumishi katuachia mgonjwa."

"Ataongea," nikasema.

Simu ikalia. Kobe akaingia chini ya meza. Nikabonyeza sauti ya nje ili wote tusikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo. Mama, leo nina dakika saba tu, mwenzangu ananisubiri. Nipe mwanangu kwanza."

Nikainama. "Kobe, toka, mama anakuita." Akaingiza shingo. Nikamvuta mkono, akang'ang'ania mguu wa meza, simu ikayumba.

"Sitaki," akasema.

Alisema polepole, lakini mama mwenyekiti alisikia. Nikamwona anaishusha kalamu.

"Haloo? Mama? Yupo?"

"Yupo, yupo, anakuja."

Chiriku alikuwa kando ya kabati, anaruka mguu mmoja hadi mwingine kwa hamu. Simu kwake ilikuwa kama peremende. Mama mwenyekiti akanigusa kwa kiwiko, akamwelekezea kidevu.

"Si huyo hapo?" akanong'ona.

"Huyo wa kaka yake."

"Kwani simu ina macho?"

Nikamnyanyua Chiriku, nikamsimamisha juu ya kiti, nikamwambia sikioni. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Shikamoo, mama!"

 Kisha nikasikia binti yangu anacheka, kicheko chake kile cha kuvuta pumzi ndani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu apande basi.

"Mwanangu! Unaongea hivyo! Umekula nini leo?"

"Mkate na chai, na mkate mwingine."

"Unamsumbua bibi?"

"Bibi ndiye ananisumbua mimi."

Sebule nzima tulicheka, hata mke wa mwanangu aliyekuwa mlangoni na beseni la nguo. Alicheka, akasema, "Haya, wifi yangu kapata mtoto wa bure." Jumapili iliyofuata yote yalisomwa kanisani, na la bibi kumsumbua mjukuu, na watu wakapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Nilijiambia ni wiki ile tu. Wiki iliyofuata simu ikalia, na binti yangu akasema, "Nipe mwanangu mcheshi." Ningemwambia nini? Chiriku alikuwa ameshapanda kitini mwenyewe.

Ikawa hivyo mwaka, ikawa miwili. Picha nilizompelekea kwa mkono wa watu waliokuwa wanakwenda huko zilikuwa za Kobe, Kobe na gauni la bluu, Kobe na viatu vipya. Sauti ikawa ya Chiriku. Huko mbali binti yangu alikuwa anaunganisha sura hii na sauti ile, anajitengenezea mtoto ambaye hayupo duniani. Walikuwa na mambo yao. Chiriku alimsimulia bata wa jirani aliyemng'ata kisigino. Alimsimulia jino lilivyotoka likamezwa pamoja na mkate. Binti yangu alimwahidi jiwe jeupe kutoka kilimani. Wakatunga sala yao ya kuagana, binti yangu anasema nusu, mtoto anamalizia: "Bwana, mshike mama kwa mkono huu," na Chiriku anajibu, "na mimi unishike kwa mkono huu, tusipoteane, amina."

Na Kobe? Kobe alikuwa chini ya meza. Mke wa mwanangu alijaribu kumpeleka uani saa za simu, alikuwa anarudi. Anakaa pale chini, kichwa kimeegemea mbao, anasikiliza yote. Siku moja, alikuwa na miaka minne na nusu hivi, simu ililia kabla ya wakati na Chiriku alikuwa nje anacheza. Kobe akatoka, akaenda mlangoni, akaita:

"Chiriku! Simu yako hiyo!"

Nilisimama na kitambaa mkononi. Mtu mwenye akili angeipokea simu ile na kusema yote. Mimi niliipokea nikasema, "Subiri kidogo, mwanangu, anavaa."

Wakati huohuo Kobe alianza kuniita mama. Sikumfundisha. Sikumkataza pia. Nikiwa napiga pasi alikuwa ananinyunyizia maji kwenye nguo kwa vidole, tone tone, hakukosea hata siku moja, na akimaliza joho anasema, "Mama, lingine." Na neno hilo, niseme ukweli, lilikuwa tamu.

Mke wa mwanangu ndiye aliyechoka kwanza. Mwaka wa pili ulikuwa unaisha. Alikuja mezani kwangu asubuhi, mikono ina povu.

"Mama, huu mchezo uishe. Jana nimemwambia Chiriku aoge, amenijibu, 'Nitamwambia mama yangu wa simu.' Mimi ndiye nimeugua uchungu, mama, au ni simu?"

"Mtoto huyo, hajui anachosema."

"Anajua sana. Na yule mwingine naye anajua. Njia ya mwongo fupi, mama."

"Vumilia. Umebaki mwaka. Ukimwambia sasa atavunjika moyo, kazi ya Mungu iharibike."

Akapangusa povu mikononi. "Kazi ya Mungu," akasema, "au benchi la mbele?"

Nilimwambia achunge ulimi wake. Mkwe hapaswi kumwambia mama mkwe hivyo. Lakini sikumwambia kwamba amekosea.

Ilipobaki miezi miwili nilianza kumfundisha Kobe ile sala. Nilikuwa namketisha juu ya rundo la nguo zisizopigwa pasi, nasema nusu, namngojea. Alikuwa ananitazama tu. Mara moja alisema, "Hiyo ya Chiriku." Nikaanza kupanga namna ya kumwambia binti yangu. Nikasema nitamwambia Jumapili hii. Jumapili ikafika, sauti yake ikaja imejaa furaha, anahesabu siku, nikasema basi, ya uso kwa uso ni bora. Chiriku nilimwita pembeni nikamwambia, shangazi akija ukae kimya, usiseme lolote la kwenye simu. Akauliza, "Kwa nini?" Nikamwambia watu wazima wana mambo yao. Akakubali kwa kichwa, uso mzito kama aliyekabidhiwa funguo za kanisa.

Alirudi Jumamosi. Walimpokea kanisani kwa nyimbo, kisha wakamleta nyumbani, mama mwenyekiti na daftari lake nyuma. Alikuwa amekonda, shingo imechomwa na jua, kisigino kimoja kina kidonda alichokifunga kitambaa. Hakunisalimia hata mimi. Alipiga magoti palepale sakafuni mbele ya Kobe, begi bado begani.

"Mwanangu. Mcheshi wangu."

Kobe akaingiza shingo.

"Anaona haya," binti yangu akasema, akicheka nasi sote. "Kwenye simu ananimaliza kwa maneno, leo anaona haya! Njoo. Fungua mdomo nione pale jino lilipotoka."

Kobe ni mtiifu. Alifungua mdomo. Mle ndani meno yalikuwa kamili, madogo, meupe, yote ya utotoni, hakuna hata moja lililotikisika.

Binti yangu alitazama, akapitisha kidole juu ya fizi, juu na chini. "Limeshaota?" akaniuliza. Mimi nikajifanya natafuta kikombe kwenye kabati.

"Haya, basi tusali sala yetu, aibu itaisha." Akashika mikono ya Kobe, akafumba macho. "Bwana, mshike mama kwa mkono huu."

Akangoja. Kobe alimtazama, akanitazama mimi. Sebule ilikuwa imejaa watu. Binti yangu akarudia, polepole zaidi, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka: "Bwana, mshike mama kwa mkono huu."

Nyuma ya pazia la mlango wa uani sauti ikasema haraka, kama aliyebanwa na pumzi muda mrefu: "Na mimi unishike kwa mkono huu tusipoteane amina."

Binti yangu alifumbua macho. Hakugeuka mara moja. Kwanza aliitazama mikono ya Kobe ndani ya mikono yake, kisha akaiachia.

"Nani huyo?"

Chiriku akachomoza kichwa. "Ni mimi," akasema. Akakumbuka nilichomwambia, akaziba mdomo.

Mama mwenyekiti alisimama. "Mimi nilikuwa nakuja kusikiliza tu," akasema, wala hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Mimi ni wa kuandika. Waniletealo ndilo niandikalo." Akavaa viatu, wale wengine wakamfuata mmoja mmoja. Tukabaki wa nyumbani.

"Mama," binti yangu akasema, "mara ya mwisho kuongea na mwanangu ilikuwa lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Wa mwaka huu?"

"Mwezi wa kwanza tangu uondoke."

Aliketi kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa hana hata machozi. "Kila miezi mitatu kiongozi wetu alituita mmoja mmoja. Anauliza, mtoto wako anakujua? Wenzangu walikuwa wanalia pale. Mimi nilikuwa najisifu. Nilisema, wangu tunaongea kama marafiki." Akalishusha begi begani. "Mwaka wa pili nilipewa mwezi mzima wa kuja nyumbani. Nikampa mwenzangu nafasi yangu. Unajua kwa nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Kwa sababu mtoto wake alikuwa hataki kuongea naye kwenye simu."

Mwanangu wa kiume akatoka nje, nikasikia anapiga teke kipande cha chuma uani.

"Nilitaka usivunjike moyo," nikasema.

"Ningevunjika, mama. Ningevunjika, ningerudi. Nilikwambia uniambie. Hukuniambia kwa sababu ulijua nitarudi."

Ndivyo ilivyokuwa. Ningeweza kumtaja mama mwenyekiti, au mtandao, au Kobe mwenyewe aliyeng'ang'ania mguu wa meza. Sikumtaja yeyote.

Chiriku hakuweza kuelewa kwa nini amenuniwa. Alimsogelea binti yangu mpaka magoti yao yakagusana. "Mama..."

"Mwite shangazi," mama yake akamkatiza kutoka mlangoni.

"Shangazi. Umelileta lile jiwe jeupe?"

Binti yangu akafungua begi. Jiwe lilikuwa limefungwa ndani ya soksi, ukubwa wa yai. Alilishika kwa muda mrefu. Akamtazama Kobe aliyekuwa ameshajibanza nyuma ya sketi yangu, akamtazama Chiriku. Akampa Chiriku.

"Ni lako," akasema. "Nilikuahidi wewe." Na hapo ndipo alipoanza kulia.

Wiki tatu zilizofuata tuliishi nyumba moja kama wapangaji. Binti yangu alimwogesha Kobe, alimchana nywele, alimpeleka kumwonyesha darasa atakaloanza. Kobe alikubali yote kama anavyokubali mtoto wa watu aliye ugenini: ahsante, ndiyo, nimeshiba. Akiumia kidole alikuwa ananijia mimi. Akimaliza kula anauliza, "Mama yuko wapi?" na binti yangu ndiye aliyeshika sahani. Kisha Chiriku anaingia na habari za bata na za darasani, na ile sauti yake inamgeuza binti yangu shingo bila yeye kupenda. Nilimwona akicheka na Chiriku na kujishika mdomo katikati ya kicheko, kama aliyeiba.

Mwisho akaniambia. Kanisa limempa chumba karibu na ofisi ya misheni, upande wa pili wa mji. Atahamia na Kobe. "Na wewe, mama, usije kwanza. Nitakuita. Akikuona hataniona mimi."

"Kwa muda gani?"

"Sijui."

Kobe aliambiwa Jumatatu mchana. Nilikuwa mezani, nina magauni ya wauguzi kumi na mawili. Nilisikia miguu inakimbia, mlango wa chumba cha mbele ukabamizwa, komeo likasukumwa. Kilio kikaanza. Mtoto huyu ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, tangu azaliwe, alikuwa anapiga kelele mpaka mke wa mwanangu akaja kutoka uani na mikono yenye maji.

"Mama! Mama!"

Tuliinua vichwa wote wawili, mimi na binti yangu. Yeye alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea mlango ule. Miguu yangu ilikuwa imeshapiga hatua.

"Usiitike," akasema.

"Analia."

"Nasikia."

"Ananiita mimi, mwanangu. Ataumia koo."

"Najua anayemwita." Hakupandisha sauti. "Miaka mitatu, mama, hukuniachia hata kilio chake. Hiki niachie."

Nikarudi mezani. Nikashika pasi. Nilipitisha pasi ile juu ya mkono mmoja wa gauni, ukiwa umeshanyooka, nikarudia tena na tena, na mtoto wangu ananiita nyuma ya mbao za inchi moja. Nasema mtoto wangu, ulimi ndivyo ulivyozoea. "Mama, fungua! Mama, nimekuwa mtoto mwema!" Mke wa mwanangu alinitazama, akageuka akaondoka. Ningesema "naam" moja tu, angetulia. Sikusema. Mkaa ulifika mahali pa kuongezwa na sikuuongeza.

Ilichukua muda mrefu. Sauti ilipasuka, ikawa ya kukwaruza, ikawa kwikwi, kisha haikuita tena mtu yeyote. Binti yangu akageuza uso, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, akaanza kusema kitu polepole. Haikuwa sala wala maandiko. Masikio yangu ni mazima lakini sikupata neno hata moja. Alisema, akanyamaza, akasema tena. Baadaye komeo likavutwa. Akaingia kwa magoti, akaurudisha mlango nyuma yake.

Walipotoka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Kobe macho yamevimba, machozi yamemkaukia mashavuni. Nikaacha pasi, nikamfungulia mikono. Alisimama. Alinitazama kwa utulivu, jinsi ile ile alivyokuwa akiitazama simu ikilia juu ya meza, kisha akanipita, akaenda uani kunawa.

Binti yangu akamfuata na taulo. Nikasikia maji yanamiminwa, na binti yangu anasema, "Fumba macho, sabuni isiingie." Mtoto hakumjibu kitu. Lakini hakukimbia.

Wakahama Jumatano. Nimeambiwa nisiende mpaka niitwe, na huu ni mwezi wa tano, sijaitwa.